Karatasi Mbili, Kolesteroli Mbili: Ushike Ipi?

Mama mmoja muuza samaki wa Gazi alinijia na karatasi mbili, amezifunga kwenye pindo la leso kama mtu anavyofunga pesa. Ya kwanza aliipata kwenye kambi ya afya ya bure pale Ukunda: kolesteroli 6.6. Ya pili, siku tisa baadaye, ilitoka maabara: 5.5. Hajabadilisha chakula, hajameza dawa. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "hapa nani mwongo?"

Mimi ni mtu wa maabara, na swali hili nalipokea kila wiki. Wanaouliza ni wa kila namna: dereva wa matatu ya Msambweni, mwalimu aliyestaafu, mhudumu wa hoteli Diani. Jibu langu huwa halimfurahishi mtu: huenda mwongo hayupo. Namba mbili zilizopimwa kwa njia mbili, saa mbili tofauti, mwili ukiwa katika hali mbili, hazina deni la kufanana. Kabla hujamlaumu mtu wala hujaingiwa na hofu, pitia haya.

Tazama herufi zilizo kando ya namba

Maabara zetu nyingi huandika majibu kwa mmol/L. Marekani hutumia mg/dL. Vifaa vingi vya kidole vinaweza kuwekwa kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili, na aliyekiweka huenda hakumbuki alichagua kipi. Mtu anasoma 212, anashika kifua, kumbe ni 5.5 ileile.

- Kolesteroli ya jumla, HDL (ile iitwayo nzuri) na LDL (iitwayo mbaya): gawanya mg/dL kwa 38.7 upate mmol/L.
- Trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damuni): gawanya kwa 88.6.
- Ile 18 mliyozoea ni ya sukari. Huku haina kazi.

Kosa ninaloliona sana ni kutumia 38.7 kwa kila kitu. Trigliseridi ya 150 ni 1.7, jambo la kawaida. Ukiigawanya kwa 38.7 unapata 3.9, na nyumba nzima haitalala.

Njia utakazokutana nazo

Damu ya mshipa, mashine ya maabara. Damu inaachwa igande, inazungushwa kwa kasi mpaka seramu inabaki juu, ya njano kama samli iliyoyeyuka. (Ikitoka nyeupe kama tui, trigliseridi ziko juu sana, na mtaalamu anajua kabla mashine haijasema.) Seramu hiyo huchanganywa na vimeng'enya: kimoja huitenga kolesteroli na asidi za mafuta zilizoshikamana nayo, cha pili huibadilisha ikatoa peroksaidi ya haidrojeni, cha tatu huitumia peroksaidi hiyo kutengeneza rangi ya waridi. Mashine husoma ukali wa rangi. Njia hii ilichapishwa na Allain na wenzake mwaka 1974, ikaziondoa maabarani njia za asidi kali za Liebermann na Burchard, zilizotoa rangi ya kijani na kutoboa makoti ya watu.

Tone la kidole, kifaa cha mkononi. Wengi hudhani hii ni sayansi nyingine. Sivyo. Vimeng'enya ni vya jamii ileile, ila vimekaushwa juu ya stripu. Kinachotofautiana ni mazingira: tone ni dogo, damu ni nzima na chembe zake, na meza iko chini ya mwembe.

Kijiti cha kushika mkononi. Unashika fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja unasomewa kolesteroli, figo, ini na hata "sumu" zilizomo mwilini, kisha unaonyeshwa chupa za virutubisho. Hapa sitazunguka: pasipo damu hapana kipimo cha kolesteroli. Namba hiyo usiilinganishe na kitu chochote, na pesa zako rudi nazo nyumbani.

Kati ya mbili za kwanza, msimamo wangu ni huu: kidole ni cha kubisha hodi, mshipa ndio wa kuingia ndani. Kidole kikionyesha juu, nenda kahakikishe kwa mshipa. Asianzishiwe mtu dawa ya miaka kwa tone moja la kambini.

Kwa nini kidole hukosea zaidi huku kwetu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na makosa mengi, na mengi unaweza kuyaona kwa macho yako.

Joto na unyevu. Stripu huja ndani ya kichupa chenye kikausha unyevu, na kwa kawaida hutakiwa zisivuke nyuzijoto 30. Sasa fikiria Diani mwezi wa Machi, kichupa kimeshinda ndani ya buti ya gari, kisha kimeachwa wazi mezani upepo wa bahari ukipita. Vimeng'enya vimechoka kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ukiona kichupa wazi, omba kwa adabu ifunguliwe stripu nyingine, na utazame tarehe ya kuisha.

Glisirini mikononi. Wengi wetu tunaoga na kujipaka losheni ya glisirini. Vipimo vya trigliseridi hufanya kazi kwa kuvunja trigliseridi na kupima glisiroli inayotoka, na glisiroli ndiyo glisirini yenyewe. Kidole chenye losheni huzipandisha trigliseridi zisizokuwepo. Osha mikono kwa sabuni na maji, ikauke, ndipo uchomwe. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi, na spiriti isiyokauka nayo huharibu tone.

Kukamua kidole. Kidole baridi hakitoi damu, mpimaji anakikamua kama ndimu. Kinachotoka ni damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama. Dawa yake ni kukipasha joto, kuning'iniza mkono chini kidogo, na kuchoma tena ikibidi.

Upungufu wa damu. Hili husahauliwa sana, na kwetu lina uzito. Stripu za damu nzima zimetengenezwa kwa damu yenye kiwango fulani cha chembe nyekundu. Aliyetoka kuugua malaria, mwenye selimundu, mwenye minyoo au hedhi nzito anaweza kuwa nje ya kiwango hicho, na kifaa hakitamjua. Kwake yeye, mshipa tu.

Namba ya shehena. Baadhi ya vifaa vina chipu inayokuja na kila boksi la stripu. Boksi jipya, chipu ya zamani: jibu potofu. Muulize mpimaji kama vinalingana. Anayejua kazi yake hatachukia.

LDL yako ilipimwa, au ilipigiwa hesabu?

Daktari anapoandika "lipid profile" kwenye fomu, unarudi na mistari minne: jumla, HDL, trigliseridi, LDL. Mistari mitatu ya mwanzo imepimwa. Wa nne, LDL, ndio daktari anaoutazama zaidi, na mara nyingi ndio ambao haukupimwa. Umekokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: chukua jumla, toa HDL, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2 (au kwa 5, kama karatasi yako ni ya mg/dL).

Jaribu mwenyewe. Jumla 5.8, HDL 1.2, trigliseridi 1.6. Ukigawanya 1.6 kwa 2.2 unapata 0.7, hivyo LDL ni 3.9. Sasa mtu yuleyule apimwe asubuhi baada ya biriani ya harusi, jumla na HDL zibaki palepale, trigliseridi zipande hadi 3.0. LDL yake kwenye karatasi itakuwa 3.2. Anatoka anachekelea kwamba mafuta mabaya yameshuka. Biriani imemfanyia hesabu.

Kwa hiyo:

- Trigliseridi zikivuka 4.5 mmol/L, kanuni ya Friedewald haifai. Maabara makini huacha nafasi wazi au hupima LDL moja kwa moja. Ukiona namba ya LDL pamoja na trigliseridi za 6, uliza imetoka wapi.
- Kanuni mpya zipo: ya Martin na wenzake wa Johns Hopkins ya 2013, na ya Sampson na wenzake ya 2020, ambayo inavumilia trigliseridi hadi karibu 9. Mashine au programu ya maabara ikibadilishwa kanuni, LDL yako inaweza kuhama bila wewe kuhama.
- Kupima LDL moja kwa moja si muujiza. Kila mtengenezaji ana kemikali yake, na kwa watu wenye kisukari, ugonjwa wa figo au trigliseridi nyingi, kemikali hizo hazikubaliani vizuri.
- Kuna namba ambayo haitaki kufunga wala kanuni: jumla toa HDL. Ifanye mwenyewe kwa kalamu kwenye kila karatasi. Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, mimi naiamini zaidi kuliko LDL ya hesabu.

Tofauti kiasi gani isikushtue

Hata maabara nzuri ina nafasi yake ya kukosea. Mpango wa taifa wa kolesteroli wa Marekani uliweka kwamba kosa lote la kolesteroli ya jumla lisizidi takriban asilimia 9. Maana yake, kama ukweli wako ni 5.2, maabara moja yaweza kusema 4.8 na nyingine 5.6, na zote zikawa zimefuata sheria.

Juu ya hilo ongeza mwili wenyewe. Kolesteroli ya mtu yuleyule hupanda na kushuka kwa asilimia 6 hivi kati ya siku na siku, na trigliseridi kwa asilimia 20 au zaidi. Ndiyo maana anayekwambia "dawa yangu ya mlonge imekushusha kutoka 5.6 hadi 5.3" hajathibitisha kitu. Hiyo ni tofauti ya Jumatatu na Alhamisi.

Kabla ya kwenda kupimwa

- Kama umeambiwa ufunge, ni saa 9 hadi 12. Kula chajio saa mbili usiku, pimwa saa moja au saa mbili asubuhi.
- Maji kunywa. Maji matupu. Dafu si maji, lina sukari. Kahawa chungu bila sukari nayo iache mpaka umalize.
- Mnazi, bia na vileo vyote acha siku tatu kabla. Vileo hupandisha trigliseridi.
- Usibadilishe chakula wiki ya kipimo ili upendeze. Tunataka kumpima anayeishi ndani ya mwili huo siku zote, si mgeni wake.
- Ukiwa umeumwa, ngoja. Homa ndogo, wiki mbili tatu. Upasuaji au ugonjwa mkubwa, hadi miezi mitatu. Malaria kali huishusha kolesteroli, na huo si uzima. (Mshtuko wa moyo ni habari nyingine: hospitali itapima mapema, usibishane nao.)
- Ujauzito hupandisha kolesteroli. Mwambie mpimaji.
- Taja kila unachomeza, hasa vidonge vikubwa vya vitamini C. Kwa wingi, huizuia ile rangi ya waridi na kukupa jibu la chini lisilo la kweli.

Mwezi wa Ramadhani watu hufikiri wanapata kipimo cha kufunga bila taabu. Tazama saa. Ukila daku saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi umefunga saa tano tu. Nenda alasiri, au subiri mwezi uandame na siku za Idi zipite. Kuhusu kama kutoa damu kunaharibu saumu, hilo mpelekee imamu wako, mimi ni wa maabara.

Ukiwa kwenye kiti

Kaa. Robo saa nzima, kabla ya kuchomwa. Mtu akisimama, maji ya damu hushuka na kutoka kwenye mishipa, na kilichobaki kinakuwa kizito. Kolesteroli hupanda ukilinganisha na aliyekaa au kulala. Mama wa Gazi alisimama foleni kambini kwa muda wa karibu saa mbili, jua la utosi, akachomwa angali amesimama. Maabara alikaa kwenye benchi akisubiri zamu. Sehemu ya ile tofauti yake iko hapo hapo, na nyingine ni ya kifaa. Trigliseridi zake za kambini zilikuwa 3.9, za maabara 1.5. Nilimuuliza anajipaka nini, akatoa kichupa cha glisirini mkobani.

Tazama pia mpira wa kufungia mkono. Ukikaa zaidi ya dakika moja, namba zinaanza kupanda. Mshipa ukikataa, ulegezwe, upumzike, ujaribiwe mkono mwingine.

Damu inayosafiri

Zahanati nyingi ndogo hazipimi zenyewe. Zinatoa damu na kuituma Mombasa, kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu. Hakuna ubaya, mradi seramu itenganishwe na chembe ndani ya saa tatu na isafiri kwenye baridi. Ubaya ni damu nzima kukaa dirishani mpaka pikipiki ya jioni. Uliza: "Mnaizungusha hapa kabla ya kutuma?" Kama hawana mashine ya kuzungushia, na una nauli, afadhali uende mwenyewe panapopimwa: hospitali ya rufaa ya kaunti Msambweni, au maabara yoyote inayopima palepale.

Rangi ya kifuniko cha chupa nayo ina neno. Chupa ya zambarau ina dawa ya kuzuia kuganda na hutoa jibu la chini kidogo, kama asilimia 3, kuliko seramu ya chupa nyekundu au ya njano. Kidogo, ila kama kila mara unabadilishiwa chupa, ni kelele nyingine juu ya kelele.

Maswali matano ya kuuliza dirishani

1. Mnapima hapa au mnatuma?
2. LDL mnapima au mnakokotoa, na kwa kanuni gani?
3. Leo asubuhi mmepima sampuli ya udhibiti (ile ambayo jibu lake linajulikana), na imekubali?
4. Mnashiriki ukaguzi wa nje wa ubora?
5. Cheti chenu cha bodi ya maabara, KMLTTB, kiko wapi? Kinatakiwa kiwe ukutani. Ithibati ya KENAS ya ISO 15189 ni nyongeza nzuri. Kukosekana kwake si dhambi, kuwepo kwake ni alama.

Swali la tatu ndilo linalotenganisha mchele na chuya. Anayelijibu bila kusita, mpe mkono wako.

"Lakini…"

"Lakini nimesikia siku hizi kufunga si lazima." Ni kweli. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba kwa kipimo cha kawaida si lazima. Chakula cha kawaida hupandisha trigliseridi kwa wastani wa 0.3 tu. Zikizidi 5, rudia ukiwa umefunga. Ila kama kipimo chako cha mwaka jana kilikuwa cha kufunga na unataka kulinganisha, funga tena. Na biriani ya harusi si chakula cha kawaida.

"Lakini kifaa changu cha nyumbani nilinunua ghali." Hakijapotea. Siku ya kutolewa damu ya mshipa, kipeleke maabara, ujichome palepale, uandike namba zote mbili. Fanya hivyo mara mbili tatu. Kama daima kinazidi kwa 0.4, umeshaijua tabia yake.

"Lakini mimi ni mwembamba." Wembamba hausomeki ndani ya seramu. Kuna familia zinazorithishana kolesteroli ya juu, na tezi ya shingo ikilegea nayo huipandisha.

"Lakini sisi nazi ni chakula chetu." Ni changu pia. Mafuta ya nazi hupandisha LDL, na sitalificha kwa kuwa nimelelewa kwa wali wa nazi. Kiasi gani ule ni mazungumzo yako na daktari.

"Kipimo kimeshuka, niache dawa?" Hapana. Kimeshuka kwa sababu unakunywa. Usiongeze, usipunguze, usiache dawa kwa karatasi moja, iwe nzuri au mbaya, mpaka umwone aliyekuandikia. Naye hataangalia kolesteroli peke yake. Ataangalia presha, sukari, sigara, umri, na nani kwenu alianguka kwa moyo mapema.

Fanya hivi

Chagua maabara moja na ukae nayo. Pimwa saa ileile, kwa maandalizi yaleyale. Namba ikikushtua, rudia hapohapo baada ya wiki mbili hivi, kisha chukua wastani wa hizo mbili. Nyuma ya kila karatasi andika kwa kalamu: kidole au mshipa, nimefunga au sikufunga, nilikuwa mgonjwa au mzima.

Mama wa Gazi alirudia maabara ileile wiki ya tatu, amefunga, mikono safi. Ikatoka 5.6. Ile ya 6.6 alitaka kuichana, nikamzuia. Ina tarehe, na imeandikwa nyuma yake "kidole, nimesimama, glisirini". Nawe siku ya kwenda kwa daktari chukua karatasi zako zote, hata ile unayodhani ni ya uongo.